Sifuri ya Mvua

Festus amezeeka vizuri. Hilo ndilo lililoniuma kwanza, kabla hata hajafungua kinywa. Mwezi uliopita walitualika kwenye ukumbi wa hoteli hapa Garsen, sisi tuliofanya kazi katika mradi wa zamani wa kupima mto, ati tukae na vijana wa mradi mpya tuwape uzoefu. Nikavaa shati langu la kanisani. Nikaketi nyuma karibu na mlango, mahali feni haifiki, na mbele kwenye jukwaa la mbao akasimama Festus, injinia, mvi zimempendeza, tumbo limemkaa kama la mtu anayekula kwa wakati. Akaeleza mengi. Alipofika kwenye mwaka wetu akasema, "Kulikuwa na changamoto ya data chafu kutoka nyanjani." Akanywa maji ya chupa, akaendelea na mengine. Data chafu kutoka nyanjani. Huko nyanjani nilikuwa mimi. Mimi Komora, niliyeishia darasa la tano, ndiye niliyekuwa nikishuka ukingo wa Tana asubuhi na alasiri kusoma mti wa kipimo. Na ukumbi mzima ukainama, ukaandika maneno yale kwenye madaftari ya bure. Basi na mimi naandika. Shirika lenyewe silitaji, lilishakufa zamani. Kosa linafanywa na mtu, na mtu ana jina. Wa kwanza ni Festus. Wa pili ni Bi Rhoda, aliyekuwa mkubwa wake. Wa tatu nitamtaja mwisho, kwa sababu huyo ndiye anayeninyima raha hadi leo.

Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la dawa za mifugo. Ukuta ulikuwa mmoja, kwa hiyo harufu ya dawa ya kupe ilikuwa yetu sote, na mazungumzo ya wanunuzi pia: ng'ombe wa fulani anaharisha, fahali wa fulani amekataa majani. Chumba cha nyuma kilikuwa na redio, betri mbili kubwa na mkeka wangu. Chumba cha mbele kilikuwa na kompyuta na Salome, karani, mwanamke wa Malindi mwenye kicheko cha kusikika barabarani. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kwenye nguzo ya daraja walifunga mashine ya kupima mvua na kina cha mto. Mashine ilituma habari kwa redio, kompyuta ikaandika jedwali, na jedwali likisema mto unapanda, Salome alipiga simu kwa machifu ili watu wa mabondeni wahame. Mimi niliajiriwa kusoma ule mti wa zamani uliopakwa rangi, sentimita kwa sentimita, ili mashine ikaguliwe mwaka mmoja. Mwaka ukiisha, mti ungeng'olewa na mimi ningekwenda nyumbani. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na nilitaka sana ile mashine ikosee.

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, alikuja Mama Hawo na kibuyu cha maziwa. Alikuwa Muorma, mjane, mrefu, na boma lake lilikuwa bondeni ng'ambo ya barabara, mahali penye majani mazuri na udongo wa chini. Kiswahili chake kilikuwa cha kuazima kama changu, lakini alikitumia bila aibu. Alimimina maziwa kwenye sufuria ya Salome, akaketi juu ya debe, akaniuliza swali lile lile. "Wewe Mpokomo, mto nasemaje leo?" Nami nikamwambia. Akasema, "Haya. Mimi sasa naenda ambia ng'ombe." Hakuwahi kumuuliza Salome, wala kuitazama kompyuta. Nikimwambia habari inatoka kwenye kompyuta, alicheka. "Hii sanduku hapana nakunywa maji ya mto. Wewe nakunywa."

Festus alikuja mara moja kwa mwezi kutoka Nairobi. Sitasema uongo, alikuwa mwerevu, na siku za mwanzo alinipenda. Ndiye aliyenionyesha dirisha jeusi upande mmoja wa kioo cha kompyuta, mahali habari ilipopita ikiwa mbichi kabla ya kuingia kwenye jedwali. Ilikuwa namba na herufi zilizokaa mbili mbili: 47 06 01 2C 58. "Chumba hiki cha kwanza ni herufi G, Garsen," akasema. "Cha pili ni mvua. Vinavyofuata viwili ni kina cha mto, maana chumba kimoja hakiwezi kubeba zaidi ya mia mbili hamsini na tano. Cha mwisho ni nguvu ya betri." Mimi nikauliza C inatafuta nini katikati ya namba. Salome akaniambia, "Hawa wanahesabu kama watu wenye vidole kumi na sita, kaka. Vikiisha tisa wanaingia A, B, C." Nikasema, "Vidole kumi na sita? Hao si watu." Lakini nilijifunza. Ilinichukua miezi miwili, daftari langu la mti upande huu na dirisha jeusi upande ule, mpaka nikiona 01 2C najua ni mia tatu, yaani mita tatu kamili, bila kugusa kidole. Sikuwa nimewahi kujua kitu kigumu namna ile. Nilikuwa nikitembea Garsen naona namba za plastiki kwenye milango ya maduka nazihesabu kwa kumi na sita, kama mwehu.

Ilikuwa miezi ya mvua wakati ule, na hapo ndipo nilipojiharibia jina. Gogo lilikuja na maji likagonga mti wangu wa kipimo, ukainama upande, na mti ulioinama unasoma zaidi kuliko maji yalivyo. Mimi sikuuangalia mguuni, niliangalia rangi tu. Nikarudi mbio kumwambia Salome mto umefika mita nne na nusu. Salome akapiga simu, watu wakahama. Mama Hawo akahamisha ndama, mahema, wajukuu, siku nzima kwenye tope. Maji hayakuja. Jedwali la Festus lilikuwa limesema mita tatu na nusu, na lilikuwa sahihi, kwa sababu mvua ilikuwa ikinyesha na, kama nitakavyoeleza, mvua ikinyesha lile jedwali lilikuwa malaika. Tangu siku ile nikaitwa Nuhu. Kwenye duka la dawa waliniuliza kupitia ukutani, "Nuhu, safina umefikisha wapi?" Hata Mama Hawo aliingia na kibuyu akasema, "Nuhu, leo mimi nalala wapi, chini ama juu ya punda?" Wote wakacheka, nami nikacheka, na kicheko changu kikaniuma meno. Bi Rhoda alipokuja kukagua alipiga makofi mbele ya kompyuta, akatoa amri: tahadhari itatoka kwenye jedwali peke yake. "Huyu bwana na mti wake ni kwa kumbukumbu," akasema, mimi nikiwa nimesimama pale nimeshika trei ya vikombe.

Kisha mvua ikakatika, jua likarudi, na nikaona kitu. Jedwali lilikwama kwenye mita tatu. Siku ya kwanza mita tatu, ya pili mita tatu, wiki nzima mita tatu, ilhali mti wangu, ambao sasa nilikuwa nimeusimamisha na kuufunga kwa waya, ulisema mto unashuka, mbili na themanini, mbili na sitini. Dirisha jeusi nalo lilikubaliana na mti. Habari mbichi ilikuwa nzima, vyumba vyote vitano vimejaa. Tofauti ilikuwa moja tu: chumba cha pili, cha mvua, kilikuwa 00. Siku moja manyunyu yakanyesha, kikawa 01, na jedwali likaamka lenyewe likasema mbili na hamsini na nane, sawa na mti. Manyunyu yakaisha, likalala tena. Nikakaa na jambo hilo kwenye mkeka wangu wiki nzima nikiogopa kulisema, maana mtu anayeitwa Nuhu anachagua maneno.

Festus alipokuja nikamngojea mpaka chakula cha mchana. Salome alikuwa amepika kambare wa nazi na wali, tukala meza moja, na nikaona hiyo ndiyo nafasi. Nikasema, "Injinia, jedwali linakwama siku zisizo na mvua." Akatoa mwiba mdomoni. "Halikwami. Mvua isiponyesha mto hauna haraka, basi namba haibadiliki." Nikasema, "Mto huu unakuja na jua. Mvua inanyesha milimani huko, sisi hapa tunaanika samaki, na maji yanafika." Akamgeukia Salome. "Umesikia? Mto unakuja na jua. Andika hiyo iwe methali." Salome hakucheka, akaendelea kupakua wali. Nikajikaza. "Na zile sifuri mbili baada ya G? Zikiwepo, kina hakipiti." Hapo ndipo aliposema neno ambalo nimelibeba mpaka leo. Alisema polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto, "Komora, sifuri si kitu." Nikamjibu, "Sifuri ni kitu. Ni siku isiyo na mvua." Akanawa mikono. "Wewe soma mti wako. Kompyuta niachie mimi." Jioni akapanda basi la Malindi.

Maji yalikuja wiki chache baadaye, kweupe. Anga lilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Siku ya kwanza mti ulisema tatu na hamsini. Dirisha jeusi likasema 47 00 01 5E, ndiyo tatu na hamsini. Jedwali likasema mita tatu, kina cha mwisho kilichopokelewa siku ya manyunyu mengine. Nikamwita Salome, nikamwonyesha kwa kidole. Akatazama muda mrefu. Akapiga simu kwa Bi Rhoda, nami nikasikia sauti ya Bi Rhoda ikitoka kwenye ile simu kama nzi ndani ya chupa: "Jedwali linasemaje? Basi. Hatuwezi kuhamisha watu tena kwa mti wa Nuhu." Hata yeye alilijua jina lile, huko alikokuwa. Siku ya pili 01 90. Mita nne. Jedwali, mita tatu. Nikapiga simu kwa Festus mwenyewe, haikushikwa, nikapiga tena, haikushikwa, Salome akamwandikia ujumbe mrefu, ukajibiwa kwa mmoja mfupi: nitaangalia nikija.

Asubuhi ya siku ya tatu Mama Hawo akaja na maziwa kama kawaida. Ninakumbuka kila kitu cha asubuhi ile. Sufuria ilikuwa na ukoko wa jana. Kwenye duka la dawa mtu alikuwa akibishana juu ya sindano. Mimi nilikuwa nimetoka mtoni, suruali imelowa hadi magotini mahali nilipokuwa nikisimama pakavu juzi. Mti ulikuwa umesema nne na sitini. Akaketi juu ya debe lake. "Wewe Mpokomo, mto nasemaje leo?" Na kupitia ukutani mtu akadakia, "Muulize Nuhu!" Watu wakacheka. Mama Hawo akatabasamu, si kwa ubaya, akiningoja. Mimi nikageuza uso nikaitazama kompyuta. Nikasema, "Kompyuta inasema mita tatu. Mto umelala." Akasema, "Haya. Mimi sasa naenda ambia ng'ombe." Akachukua kibuyu chake kitupu akaondoka.

Mtu wa tatu ndiye huyo aliyegeuza uso. Sasa nimemtaja.

Kabla ya adhuhuri nilirudi mtoni nikakuta mti umebaki kipande cha rangi cha urefu wa kiganja. Hapo nikakimbia, si ofisini, nikakimbilia bondeni nikipiga kelele kwa Kiorma changu kibovu. Nilifika wakati maji yanavunja ukingo juu yetu. Hayakuja kwa ngurumo. Yalikuja kama watu wengi wanaotembea pamoja bila kuzungumza, jua linawaka juu yake, yanang'aa, mazuri kabisa. Watu walikimbilia barabara ya juu. Mwanawe Mama Hawo, Dulo, alikuwa amewabeba watoto wawili. Mama Hawo alirudi kuwafungulia ndama. Nikamwona amefika kwenye zizi, nikamwona ameinama, kisha nami nikachukuliwa. Nilishikilia shina la mkoma, nikapanda kwa kucha, nikakaa huko siku mbili na mchana kutwa naona anga jeupe lisilo na wingu hata moja. Mvua, sifuri. Nilikuwa nikilisema hilo kwa sauti, nikiwa peke yangu pale juu. Mvua, sifuri. Mvua, sifuri. Tulimpata Mama Hawo siku ya nne, kwenye miiba.

Festus alikuja wiki iliyofuata, viatu vya mpira vipya miguuni. Akaketi mbele ya kompyuta, mimi nikasimama nyuma yake na hakunifukuza. Ndipo nilipojua ilivyokuwa. Jedwali aliliandika kwa lugha inayoitwa Lua, ambayo haikuweza kuzungumza na redio moja kwa moja. Basi akatunga kipande kingine kwa lugha ya C kikae katikati, kama mkalimani wa baraza la chifu, Kipokomo kinaingia, Kiorma kinatoka. Lua haina shida na sifuri. Inabeba maneno pamoja na urefu wake, hata yakiwa na sifuri tumboni. Lakini kwa C ya kawaida, maneno huisha penye sifuri. Mkalimani akafika kwenye G, akakuta kimya cha mvua, akadhani mzungumzaji amemaliza, akaketi. Kina cha mto kikabaki mlangoni. Upande wa pili Lua ikapokea G peke yake, na kwa sababu Bi Rhoda hakutaka mashimo kwenye jedwali lake la kuonyesha wageni, Festus alikuwa ameiagiza irudie namba ya mwisho iliyoijua. Badala ya kusema sijui, ikasema mita tatu. Aliyasema haya mwenyewe, kwa sauti ya chini, akinionyesha kwenye kioo. Palikuwa pameandikwa lua_pushstring. Akaongeza herufi moja, l, ikawa lua_pushlstring, akaongeza na urefu, vyumba vitano. Chai aliyowekewa na Salome ilikuwa bado moto. "Ilikuwa kitu kidogo tu," akasema. Nikamwambia, "Kama sifuri."

Ripoti ilipotoka ilisema chanzo ni dosari katika usomaji wa kipimo nyanjani, imetiwa sahihi na Bi Rhoda. Mimi nikaachishwa. Salome alihamishiwa Mombasa, na kabla ya kuondoka akanichapia kurasa mbili, ile ya kabla na ile ya baada, akazungushia ile herufi kwa kalamu nyekundu. "Weka, kaka," akasema. "Siku moja mtu atauliza." Nikaziweka ndani ya nailoni, ndani ya mkebe wa kahawa. Hakuna aliyeuliza.

Kwa hiyo pale ukumbini, Festus alipomaliza na kijana mwenye kipaza sauti akauliza kama kuna maswali, nikasimama. Kurasa zilikuwa mfukoni mwa shati, nilikuja nazo. Nikazisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, pushstring, pushlstring, na nikaeleza habari za mkalimani na za 00. Kiingereza changu cha zile herufi kiliwachekesha wawili watatu mbele. Lakini msichana mmoja wa mradi mpya, mwenye kompyuta magotini, akaacha kuandika akanitazama, kisha akaanza kutafuta kitu kwenye kioo chake haraka haraka. Festus akasema, "Tulikuwa vijana, mzee. Sote tulijifunza." Watu wakapiga makofi. Walimpigia yeye. Kisha tukaitwa kwenye biriani.

Sikula. Nilitoka nje nikiwa na kurasa zangu mkononi, na ng'ambo ya barabara, penye mnada wa mbuzi, nikamwona Dulo. Tumeishi mji mmoja miaka yote hii, tunasalimiana kwa mkono, hatukai. Siku ile nikaenda moja kwa moja nikamwambia, "Dulo ndugu yangu, nataka nikuonyeshe kilichomuua mama." Akafuta mikono kwenye kikoi chake akazipokea zile kurasa. Hajui kusoma. Nikamwonyesha herufi iliyozungushiwa wino mwekundu, nikamwambia hii haikuwepo, na kwa sababu haikuwepo, kompyuta ilinyamaza siku za jua. Nikamwambia jina la Festus, nikamwambia yuko pale ndani anakula. Nikamwambia jina la Bi Rhoda. Nilisema sana, kama mtu aliyekuwa amekabwa. Dulo akaigeuza ile karatasi, akatazama nyuma yake kama kuna kitu kingine, akanirudishia taratibu, akiangalia asiikunje.

"Komora," akasema, "mama yangu hakuuliza kompyuta. Aliuliza wewe."

Kisha akageuka kuwaita mbuzi wake, maana mnunuzi alikuwa amefika.